Gramu Zilizosahauliwa

Asetilikolinesterasi ni kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva. Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti hukizuia kufanya kazi, na kwa muda mfupi tu mate hutiririka, misuli hutetemeka na pumzi hukwama. Sumu basi yaweza kukibadilisha upesi. Je, maisha ya kila siku nayo yaweza?

Swali hilo liliwashughulisha wanasaikolojia David Krech na Mark Rosenzweig pamoja na mkemia Edward Bennett, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu miaka ya 1950. Waliwagawa kwa bahati nasibu panya waliozaliwa tumbo moja. Wengine waliishi kumi hadi kumi na wawili katika tundu kubwa lenye vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa kila siku. Wengine kila mmoja peke yake. Chakula na maji vilikuwapo kote. Baada ya siku 80 hivi, ubongo wao ulipimwa na watu wasiojua umetoka kundi lipi.

Majibu yalitatanisha. Katika gamba la ubongo la panya wa tundu kubwa, utendaji wa kimeng'enya kwa kila gramu ulikuwa umepungua kidogo. Ufumbuzi ulikuwa katika gramu zenyewe, zilizoandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya kugawanyia tu. Jumla ya utendaji ilikuwa imepanda, lakini gamba lenyewe lilikuwa limeongezeka uzito zaidi, takriban asilimia 4. Hakuna aliyelitazamia hilo, kwa kuwa uzito wa ubongo ulidhaniwa haubadilishwi na mazingira. Mwanaanatomia Marian Diamond alipochunguza vipande kwa darubini, alikuta gamba limenenepa kweli. Matokeo hayo yalichapishwa pamoja mwaka 1964.

Pingamizi kubwa lilihusu msongo: huenda ni misukosuko ya tundu lenye msongamano iliyofanya kazi hiyo, wala si kujifunza. Watafiti Riege na Morimoto waliwatia panya msukosuko kila siku, kwa kuwazungusha ndani ya pipa au kuwapiga shoti hafifu ya umeme. Tezi za adrenali zilikua. Ubongo haukuonyesha mabadiliko yale. Kwangu mimi, jaribio hili lina uzito kuliko yote, maana bila hilo kila kilichotangulia kingebaki na shaka.

Wengi hulisimulia tundu kubwa kama anasa inayoongeza akili, na wauza vitu vya watoto wamelitumia hivyo. Ushahidi wa Berkeley wenyewe unakataa. Panya walipowekwa nje, kwenye ardhi yenye udongo na majani, walianza kuchimba mashimo, ingawa ukoo wao ulikuwa umefugwa maabara kwa zaidi ya vizazi 100. Ubongo wao ulikua kuliko wa ndugu zao wa tundu lenye vitu vya kuchezea. Tundu kubwa, lililoitwa mazingira tajiri, lilikuwa upungufu uliopunguzwa tu, na panya aliyekaa peke yake, aliyeshiba na asiyeguswa na sumu, ndiye aliyekuwa amenyimwa.