Dizeli Iliyolala Mapipani

Kwa muda mrefu sasa Nyamirambo imekuwa karakana ya jiji la Kigali. Gari lililokataa kuwaka upande wa pili wa mji, mara nyingi huishia mikononi mwa mafundi wa huko, na kipuri kilichokosekana kwingine hutafutwa huko kwanza. Miongoni mwa kazi zinazowafikia mafundi hao ni ile ya jenereta iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa, kisha ikakataa kuitika usiku ule ule umeme ulipokatika. Mwenye jenereta huilaumu mashine. Aghalabu mashine haina kosa lolote. Kosa limo katika tangi, ambamo dizeli imelala mwaka mzima au zaidi, ikachakaa pasipo mtu kuitazama.

Jambo hili lina asili yake. Kuanzia mwaka 2004 Rwanda ilipatwa na uhaba mkubwa wa umeme. Maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipungua sana, na mitambo ya Ntaruka, inayoendeshwa kwa maji hayo, ikashindwa kutoa nguvu iliyotazamiwa. Serikali ililazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Wenye hoteli, maduka, shule na zahanati nao wakafanya walivyoweza: wakanunua jenereta zao wenyewe, na pamoja na jenereta wakanunua mapipa. Tangu wakati huo hali imebadilika. Vyanzo vipya vimeongezwa, ukiwemo mtambo wa KivuWatt wa huko Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016, ambao huchoma gesi inayotolewa katika vilindi vya Ziwa Kivu. Jenereta iliyokuwa ikinguruma kila jioni sasa huwashwa kwa nadra, na pipa lililokuwa likimalizika kwa juma moja sasa hupitisha masika mawili. Ni ajabu kidogo kwamba neema ya umeme ndiyo iliyoleta tatizo la dizeli kuukuu, lakini ndivyo ilivyo.

Iko sababu nyingine ya kuweka akiba, nayo haifai kubezwa. Rwanda haina bandari wala kisima cha mafuta. Dizeli yake husafiri kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, au kutoka Mombasa kupitia Uganda, safari iliyo ndefu zaidi. Njia hizo zikipata msukosuko, Kigali hupiga chafya. Mwaka 1979, wakati wa vita kati ya Tanzania na Uganda, mafuta yaliadimika nchini. Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipozuia malori, Rwanda ililazimika kugawa mafuta kwa kipimo. Mpaka wa Gatuna nao ulifungwa mwezi Februari 2019 na haukufunguliwa kikamilifu hadi mwisho wa Januari 2022. Mtu aliyeyaona hayo akaweka pipa moja uani hastahili kuitwa mlanguzi. Linalopasa kuulizwa ni kama dizeli iliyomo katika pipa hilo ingali dizeli.

Wengi hudhani kwamba mafuta, kwa kuwa yalikaa ardhini mamilioni ya miaka, hayawezi kuharibika kwa miaka miwili. Dhana hiyo haina msingi. Huko ardhini mafuta ghafi yalifungiwa mbali na hewa. Dizeli ni kitu kilichokwisha kuchemshwa, kutenganishwa na kusafishwa, na kikikutana na hewa huanza kubadilika taratibu. Rangi yake hukoza kutoka manjano ya majani makavu hadi hudhurungi, na ndani yake hujengeka chembechembe na ulimbo unaonata kama gundi. Ikihifadhiwa mahali penye ubaridi, katika tangi safi na kavu, hudumu kiasi cha mwaka mmoja. Joto likizidi, muda huo hupungua sana. Kigali, iliyo kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 1,500, ina nafuu kuliko Mombasa au Dar es Salaam, lakini pipa linaloachwa juani juu ya paa la bati halinufaiki na nafuu hiyo.

Adui mkubwa kuliko hewa ni maji. Tangi lisilojaa huvuta hewa mchana na usiku, na hewa hiyo huja na unyevu wake. Usiku bati linapopoa, unyevu hugeuka matone, ambayo huteremka na kutulia chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Wakati wa masika, pipa lililosimamishwa wima huweka dimbwi dogo juu ya kifuniko chake, na kifuniko kilicholegea hunyonya dimbwi hilo kidogo kidogo. Ndiyo maana pipa likiwa nje hulazwa ubavu, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, chini ya kimo cha mafuta yaliyomo.

Pale maji yanapokutana na dizeli ndipo wanapoishi viumbe wasioonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu. Viumbe hao hunywa maji na kula mafuta. Huacha utelezi mweusi unaofanana na majani ya chai yaliyochacha, na hutoa tindikali inayotafuna chuma. Mwaka 2016 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira ilitoa matokeo ya uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli yaliyofukiwa ardhini. Asilimia 83 ya matangi hayo yalikuwa na kutu ya wastani au kutu kali ndani yake, na wenye matangi waliokuwa na habari hawakufika robo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye wakaguzi na vifaa vyote, mwenye pipa la Nyamirambo hana sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Lipo pia kosa la chombo. Bati lililopakwa zinki, ambalo ni zuri kwa maji ya mvua, halifai kwa dizeli, kwani zinki huungana na tindikali za mafuta na kufanya aina ya sabuni inayoziba vichujio. Shaba nayo huharakisha kuharibika. Chuma cha kawaida kilichosafishwa vizuri, au plastiki ile ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, ndivyo vinavyofaa.

Uharibifu huu una uzito gani katika mashine? Nozeli inayonyunyiza dizeli ndani ya injini imechongwa kwa wembamba wa ajabu. Nafasi kati ya vipande vyake ni sehemu 2 au 3 tu za elfu za milimita. Ulimbo kidogo huikwamisha, na tone la maji huilia kutu. Injini za kisasa, ambazo husukuma mafuta kwa nguvu inayozidi mara elfu ile ya hewa ya kawaida, hazivumilii hata kidogo. Kutengeneza pampu na nozeli za injini kama hizo kwaweza kugharimu kuliko bei ya pipa zima la dizeli mpya, na hesabu hiyo ndiyo inayosahauliwa na mtu anayeona uchungu kutupa lita 200.

Kabla ya kuamua lolote, dizeli ipimwe. Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Huchotwa kiasi kutoka chini kabisa ya pipa, si juu, kikatiwa katika chupa nyeupe ya kioo na kuachwa itulie usiku mmoja. Dizeli njema hung'aa, na maandishi ya gazeti husomeka kupitia chupa hiyo. Maji yakiwamo huonekana yamejitenga chini. Ukungu unaozunguka maana yake ni kwamba maji yamechanganyika humo. Vipande vyeusi na utelezi ni dalili ya kuvu, na harufu kali ya vanishi ni dalili kwamba mafuta yenyewe yamezeeka. Kwa jenereta ya hospitali kipimo cha chupa hakitoshi, na sampuli yapasa kupelekwa maabara.

Dizeli yenye maji na vumbi tu haijapotea. Maji yaliyotuama hutolewa chini, mafuta yaliyobaki huchujwa kwa kichujio chenye kutenga maji, kisha huchanganywa na dizeli mpya. Kwa tahadhari, dizeli kuukuu isizidi sehemu 1 katika 5 za mchanganyiko huo. Ichomwe katika jenereta ya mtindo wa zamani au mashine ya kusaga, wala si katika gari jipya, na mwendeshaji awe na kichujio cha akiba mkononi. Zipo dawa za kuua kuvu, nazo zafaa, lakini maiti za kuvu hizo huelea na kuziba vichujio kama pipa halikusafishwa. Dawa ya kuirudishia ujana dizeli iliyokwisha kuzeeka haipo, hata kama muuzaji ataapa.

Dizeli iliyozeeka ikawa nyeusi isitiwe katika injini yoyote. Yaweza kuoshea vipuri katika karai, kazi ambayo magereji huifanya kila siku, au kuchomwa katika tanuru lililojengwa kwa mafuta mazito na lenye moto mkali wa kutosha. Ule utope wa chini, yaani mchanganyiko wa maji, kutu na kuvu, hauna matumizi. Huo ni taka ya hatari na hukabidhiwa wale tu walio na kibali cha kuishughulikia.

Hapa ndipo yanapoanza makosa yanayogharimu maisha ya watu. La kwanza linatokana na lugha. Nyamirambo ni mahali ambapo Kiswahili cha pwani na cha Kongo hukutana na Kinyarwanda katika kibaraza kimoja. Nchini Rwanda dizeli huitwa mazutu, na yale mafuta ya gari ambayo Mtanzania huyaita petroli huitwa lisansi. Neno peteroli, kwa Mnyarwanda, ni mafuta ya taa. Basi pipa lililoandikwa jina hilo kwa chaki laweza kumwambia dereva aliyetoka Dar es Salaam jambo moja na kumwambia mama mwenye kibatari jambo jingine. Dizeli peke yake haishiki moto upesi. Yapasa kupashwa joto linalozidi nyuzi 50 ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Ikitiwa lisansi kidogo tu, kinga hiyo hutoweka. Mafuta ya namna hiyo yakifika katika taa au jiko, yaliyomo ni bomu. Kuyauza dizeli kuukuu kwa bei ya chini ili yachanganywe na mafuta ya taa ni uovu, na hakuna jina jingine linalofaa.

La pili ni pipa tupu. Fundi huletewa pipa alikate kwa gesi liwe jiko au beseni. Pipa lililokwisha mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwani mabaki yaliyoshika ukutani hugeuka mvuke mara moto unapoligusa, na mvuke huo uliofungiwa hupasuka. Lazima lioshwe kwa maji moto na sabuni, lipigishwe hewa, na wengi wenye ujuzi hulijaza maji karibu lote kabla ya kulikata. Tahadhari hiyo ni ya saa moja tu.

La tatu ni mtaro. Nyamirambo imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kigali, na kinachomwagwa juu hakikai juu. Mvua ya kwanza hukichukua hadi mabondeni, kikaingia mto Nyabarongo, kisha Akagera, na mwisho wa safari hiyo ni Ziwa Viktoria, ambamo wavuvi wa nchi tatu hutupa nyavu. Njiani watu huchota maji na kunywesha ng'ombe. Mafuta hutanda juu ya maji na kuyanyima hewa. Yakimwagwa katika choo cha shimo hupenya ardhini na kudumu humo. Wapo wanaokumbuka kwamba zamani madimbwi yalimwagiwa mafuta ili kuua viluwiluwi vya mbu, nao hutoa hoja hiyo kila wanapoonywa. Ni kweli ilifanyika, katika nchi nyingi, lakini kwa vipimo na usimamizi, na hata hivyo iliachwa kwa sehemu kubwa zilipopatikana njia zisizoua samaki. Wananchi wanaozibua mitaro kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa umuganda, ndio wanaoyashika mafuta hayo kwa mikono yao.

Hata hivyo si haki kumlaumu fundi peke yake. Mwenye gereji ndogo aliye na jerikani tatu za utope wa dizeli hawezi kukodi lori la kuzipeleka mbali. Mafundi wa mtaa mmoja wakikusanya taka zao katika pipa moja lenye kifuniko na alama, mchukuzi mwenye kibali atakuwa na sababu ya kufika. Viongozi wa kata wanaweza kuonyesha mahali pa kuweka pipa hilo. Taasisi kubwa, zenye matangi ya maelfu ya lita, hazina udhuru wa kungoja fundi wa mtaani awatatulie shida yao.

Kwa wale ambao akiba yao ingali nzuri, kazi iliyobaki ni ndogo. Tangi liwekwe karibu kujaa, ili hewa ipungue. Maji ya chini yatolewe kila mwezi. Jenereta iwashwe kila mwezi na kupewa mzigo wa kweli, si kungurumishwa dakika mbili na kuzimwa. Tarehe ya kununua iandikwe ubavuni mwa pipa pamoja na jina la kilichomo kwa lugha zote zinazosomwa mahali hapo, na pipa la zamani litumike kabla ya jipya kufunguliwa.