Jina la Mama Kwenye Ukuta

Jumamosi ile tulikuwa wamama saba ndani ya ukumbi mdogo wa hapa Lubumbashi, na nyundo moja. Foto kumi na nne ziliegemea ukuta, na kila moja ilingoja kikaratasi chake: jina la foto, jina la aliyeipiga, bei. Tulipofika kwa mwenzetu muuguzi, aliyeshika kalamu aliandika bila kuwaza: "Mama", kisha jina la mtoto wake wa kwanza. Ndivyo anavyoitwa kwenye lupango, sokoni na kanisani. Mwenyewe akakichukua kile kikaratasi, akakitazama, akakirudisha.

"Mtoto wangu hakupiga hii foto," akasema.

Tukacheka, halafu tukanyamaza. Ikabidi tuulizane majina. Wawili kati yetu walikuwa pamoja katika likelemba kwa miaka sita, na kila mmoja hakujua jina kamili la mwenzake.

Mji wetu haukuanza leo kutundika picha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa masomo ya uchoraji, na humo wakatoka Pilipili, Mwenze, na Bela aliyechora kwa vidole vyake. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu, na familia za kawaida za mji huu zilinunua picha za wachoraji kama yeye na kuzitundika nyumbani. Wengi wetu tumekulia chini ya Mamba Muntu na nywele zake ndefu, au chini ya ile picha ya Colonie belge. Kwa hiyo galeri ya kwanza ya Lubumbashi ilikuwa chumba cha wageni. Na tangu 2008 kuna Picha, kituo alichokianzisha Sammy Baloji pamoja na wenzake, na maonyesho makubwa ya Biennale yaliyotokana nacho. Jina lenyewe ni la lugha yetu.

Lakini hesabuni majina tuliyoyataja: yote ni ya wanaume. Wamama tulikuwa tunapangusa vumbi.

Siku hizi wako dada zetu waliopita mlango huo. Gosette Lubondo wa Kinshasa alijipiga foto yeye mwenyewe ndani ya mabehewa ya treni yaliyoachwa, na foto hizo zimesafiri mbali. Pamela Tulizo wa Goma alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya vijana wapiga foto, kwa kazi inayouliza mwanamke wa mashariki anajionaje mwenyewe, mbali na vile vita vinavyomwonyesha. Hao wamefanya kazi hiyo kuwa ufundi wao. Je, sisi tunaouza unga, tunaofundisha, tunaolala kazini tukilinda wagonjwa?

Tulidhani kinachotukosesha ni muda wa kupiga foto au kuchora. Tulipoketi kuzungumza, tukaona sivyo. Muuguzi wetu anapiga foto alfajiri anapotoka zamu, kwa simu yake, njiani kwenda kwake. Mwalimu anachora usiku watoto wakilala. Kazi ipo, imejaa ndani ya masanduku. Kinachotushinda ni saa chache zinazozunguka maonyesho. Ufunguzi huwekwa jioni, wakati ule ule sufuria ya bukari iko motoni. Kupeleka picha na kuzirudisha kunataka siku mbili. Na lazima mtu akae pale kuwaeleza wageni, maana mgeni asipomwona mwenye kazi, mara nyingi hapiti mara ya pili.

Saa hizo mama mmoja peke yake hazipati. Wamama saba wanazipata. Tulifanya kama tunavyofanya na makuta. Kila wiki tulitoa kidogo kwenye likelemba, na mzunguko ule ukalipa kadre za mmoja, kisha za mwingine. Tuligawana zamu za kukaa ukumbini, saa mbili kila mtu. Tuliomba ufunguzi uwe Jumamosi saa nane mchana, watoto waje, na mwenye ukumbi akakubali mara moja. Hakuna aliyewahi kumwomba.

Siyo yote yalienda vizuri. Foto iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya mama muuza makala, mikono myeusi, amefumba macho kwa uchovu. Siku ya pili mama huyo mwenyewe akaingia. Mtu alimwambia sura yake inauzwa mjini. Alisimama mbele ya foto, hakupiga kelele. Akauliza, "Mlinikuta nimechoka, na ndivyo mnataka watu wanijue?" Mwenzetu alimwomba msamaha na kuitoa foto palepale. Msumari ulibaki mtupu mpaka mwisho wa maonyesho. Kila aliyeuliza, tulimwambia sababu. Sisi tuliokuwa tunagombania jina letu kwenye kikaratasi hatukuwa tumemwuliza mwingine lake.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

Omba ruhusa kabla ya kupiga foto, na tena kabla ya kuitundika. Kukubali kupigwa foto si kukubali kuwekwa ukutani.

Andikeni mapatano na mwenye galeri, nakala mbili, kila upande utie sahihi. Picha ikiuzwa, yeye anachukua sehemu gani? Nani analipa gari? Ikivunjika au ikiibwa, nani anawajibika? Makuta yatatoka lini? Mama mmoja wetu zamani aliacha picha tatu mahali fulani kwa neno la mdomo tu, na mpaka leo hajaziona.

Chapisha foto moja ya kujaribu kwanza, maana rangi ya kwenye simu si ile ya karatasi. Usiigandishe kwa gundi. Wakati wa mvua, tangu Novemba, unyevu hujikunja ndani ya karatasi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Kioo na kadre iliyofungwa vizuri nyuma vinasaidia nyakati zote mbili.

Tundikeni picha zote kwa kipimo kimoja, katikati ya picha iwe karibu sentimita 150 kutoka chini. Hata ukuta wa shule au wa parokia utapendeza.

Na bei: hesabu kadre, uchapishaji na usafiri, kisha ongeza kazi yako. Kazi yako si zawadi.

Tuliuza foto nne na mchoro mmoja. Baada ya kulipa kadre, kilichobaki hakikuwa kingi, na hatutawadanganya. Lakini Jumamosi ya mwisho muuguzi wetu alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja, bado na viatu vya kazi. Bwana yake alikuwa ametangulia na watoto. Mdogo, anayeanza kusoma, aliweka kidole kwenye kikaratasi na kusoma polepole, silabi kwa silabi. Kisha akageuka akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Ni mimi," akajibu.

Kwenye mkutano ujao, kila mama alete picha moja aliyoitengeneza mwenyewe. Nyuma yake aandike jina lake kamili, lile alilopewa siku alipozaliwa. Nyundo tunayo.