Kuta zinazofunguka: funzo kutoka Akron kwa kamati za ujenzi

Katika parokia nyingi jengo ni moja, lakini kazi zake ni nyingi. Watoto wa shule ya Jumapili hukaa humo makundi makundi, kila kundi katika pembe yake, na walimu hushindana kwa sauti. Kamati ikitafuta dawa, mara nyingi huwaza matofali. Wapendwa, kabla ya kuyanunua, tuangalie njia nyingine: kuta za vipande, zinazofunguka au kuhamishwa.

Ukuta wa namna hiyo haubebi paa. Uzito wa paa huachiwa nguzo na kuta za nje. Huu wa ndani unagawa nafasi tu, ndiyo maana ukiondolewa jengo halidhuriki. Vipande vyake hukatwa kwa kipimo kimoja, ili cha hapa kiweze kuingia pale. Vingine hukunjwa kwa bawaba, vingine huteleza kwenye reli, vingine hukazwa kwa skrubu.

Wazo hili si geni kanisani. Huko Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani, Lewis Miller alikuwa mtengenezaji wa mashine za kilimo na pia msimamizi wa shule ya Jumapili ya Wamethodisti. Alishiriki kubuni jengo lililokamilika mwaka 1870. Madarasa yalizunguka ukumbi mmoja, chini na ghorofani. Milango yake ilipofunguliwa, wote walimwona msimamizi na kuimba pamoja. Ilipofungwa, kila mwalimu alibaki na wanafunzi wake. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Marekani yaliiga ramani hiyo.

Ilifaa hasa kwa sababu, kuanzia mwaka 1872, madarasa mengi yalifuata somo moja kwa siku moja, wakubwa kwa wadogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja masomo tofauti kwa kila umri. Haja ya kukusanyika ukumbini ikapungua, na kelele za jirani zikawa mzigo. Milango ilifunguka vizuri, lakini vyumba vyenyewe vilikuwa vimefungwa katika umbo la nusu duara. Havikuweza kupanuliwa wala kupunguzwa.

Kwa hiyo tutofautishe: kufunguka si kuhamishika. Kama shida yenu ni kukusanyika na kutawanyika siku hiyohiyo, milango ya kukunja inatosha. Kama idadi ya watoto inabadilika mwaka hata mwaka, tafuteni vipande vinavyoweza kung'olewa na kupangwa upya.

Mambo mawili husahauliwa. Kwanza, sauti hupita penye mwanya: ukuta usiofika darini hutenganisha macho tu, si masikio, na triplai moja nyembamba haizuii mengi. Pili, kila chumba kinachozaliwa kinahitaji dirisha lake na njia ya kutokea. Mkipanga madirisha na milango ya nje kwa nafasi sawa tangu msingi, ukuta utaweza kuhamia penginepo bila kuacha watoto gizani.