Shingo Ikikaza Bwenini

Machi 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, aliugua homa ya uti wa mgongo. Mwaka mmoja baadaye mlipuko ulioanza hapo ulikuwa umewapata watu 9. Wa mwisho alisoma kwingine, Chuo Kikuu cha Drexel, lakini alikuwa amekutana na wenzake wa Princeton. Ni yeye peke yake aliyefariki. Wanafunzi wa Princeton walikuwa wameanza kuchanjwa Desemba, ila chanjo ile humkinga aliyechanjwa tu; bakteria wanaweza kubaki kooni mwake.

Bakteria hao, meningokoki, huishi puani na kooni mwa takriban mtu 1 kati ya 10 bila kumdhuru, na kwa vijana idadi huwa kubwa zaidi. Husambazwa na kikohozi, busu, au chupa moja inayozungushwa vinywani mwa watu wanne. Bwenini, basi, husambaa kwa urahisi.

Kinachoua ni kuchelewa. Chuoni Marekani mgonjwa hudhaniwa ana mafua, au pombe ya jana haijamtoka. Afrika Mashariki, malaria. Anameza panadol, anajifunika blanketi. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuua ndani ya saa 24.

Dalili zinazojulikana ni homa ya ghafla, kichwa kuuma vibaya, shingo kukakamaa hadi kidevu kisifike kifuani, kutapika, macho kukimbia mwanga na kuchanganyikiwa. Utafiti wa Uingereza wa 2006 kuhusu watoto na vijana wadogo ulionyesha kuwa bakteria wakiingia kwenye damu, zipo dalili zinazotangulia, kwa kawaida saa 8 hivi tangu kuanza kuugua: miguu kuuma, mikono na nyayo kuwa baridi ilhali mwili unachemka. Shingo kukakamaa na vipele hufuata baada ya saa 13 au zaidi.

Vipele visivyofifia vikigandamizwa kwa glasi ni hatari kubwa. Kwenye ngozi nyeusi vitafutwe viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Lakini kuvisubiri ni kosa, maana wengine hawavipati kabisa.

Mwenye homa na mojawapo ya dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na kipimo cha malaria kimeonyesha anayo. Asiende peke yake. Aliyechanganyikiwa hajui kwamba amechanganyikiwa. Huko hudungwa antibiotiki na kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo yapimwe. Waliolala naye chumba kimoja hupewa dawa ya kujikinga, hata wakijisikia wazima.