Udongo wa Uvira Watoka Wapi, na Waenda Wapi?

Mtu ashukaye kutoka Kamanyola kwenda Uvira hupita kwanza katika nchi tambarare, yenye mikoma na migunga na mashamba ya mpunga, mahindi na mihogo. Kuumeni kwake milima yamfuata njia yote. Afikapo Uvira tambarare imekwisha: mji umebanwa katikati ya mlima na ziwa, wala hauna pa kupanukia ila kupanda juu ya mtelemko. Wengi hutazama mlima ule na ziwa lile kama vitu viwili mbalimbali kabisa. Lakini vimefungamana kwa kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukifikiri, nacho ni udongo.

Udongo huzaliwa na mwamba. Miamba ya milima ya Mitumba, iliyo nyuma ya Uvira, ni ya kale mno. Ilikandamizwa na kupikwa ndani ya nchi kabla haijainuliwa juu. Wataalamu wa mawe wameipa sehemu yake jina la mto wetu Ruzizi. Jua huuchoma mwamba mchana, usiku ukapoa. Maji ya mvua huingia katika nyufa, mizizi hufuata maji na kuzipanua, na majani yaozayo hutoa asidi ambayo huula mwamba polepole. Chuma iliyomo hushika kutu, na ndiyo maana udongo wa milimani ni mwekundu. Juu yake mboji huongeza weusi kidogo. Mchwa nao wana kazi yao, maana hupandisha mfinyanzi kutoka chini na kujenga kichuguu, na mtu mwenye busara afyatuaye matofali hajui mahali pazuri kuliko hapo.

Kazi hii yataka muda mrefu kupita maisha ya mtu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, hutufundisha kwamba sentimeta mbili au tatu za udongo zaweza kuhitaji hata miaka 1,000. Mvua moja kubwa juu ya shamba tupu la mtelemkoni yaweza kuziondoa kabla ya jua kutua.

Mwaka 1941 mtaalamu Hans Jenny aliandika kwamba udongo hufanywa na mambo matano: mwamba, hali ya hewa, viumbe, umbo la nchi na wakati. Wanafunzi wa Uvira hawana haja ya kuyatafuta vitabuni tu. Uso wa ziwa u kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na vilele vya Itombwe vyapita mita 3,000. Huko juu ni baridi na mvua ni nyingi. Chini pwani ni joto, na kiangazi ni kikali. Penye mtelemko mkali udongo ni mwembamba, wenye kokoto, maana haupewi nafasi ya kukaa na kukomaa.

Tambarare ya Ruzizi ni habari nyingine. Zamani za kale ziwa lilikwenda mbali zaidi kaskazini, na liliporudi nyuma liliacha tope lake. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walitumaini kwamba Ruzizi hutoka katika ziwa kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia kwamba huingia. Livingstone na Stanley walikwenda kuona kwa macho mwaka 1871, wakakuta wenyeji wamesema kweli. (Ingekuwa nafuu kuwasadiki mapema.) Mto huo, pamoja na vijito vya milimani, umeijaza tambarare mchanga na mfinyanzi. Mahali pengine maji hupanda kutoka chini, jua likayakausha, chumvi ikabaki juu. Hapo huota majani machache tu yanayovumilia. Kwenye majimaji karibu na mdomo wa mto huota matete na mafunjo. Mwaka 1952 Bwana R. Germain wa INEAC, taasisi ya kilimo ya Kongo ya wakati ule, alitoa kitabu kizima juu ya jumuiya za mimea ya tambarare hii na uhusiano wake na mahali zinapoota.

Sasa twende ziwani. Watu wengi hudhani kwamba udongo ukiingia majini ni mbolea ya samaki. Katika Tanganyika jambo hili si hivyo. Hatusemi hapa juu ya ndagala, ambao huenda makundi makundi katika maji ya wazi. Twasema juu ya wale samaki wa rangi wakaao kati ya mawe ya pwani, ambao aina zao nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Wengi wao hukwangua ukoga juu ya mawe, na watoto wao hujificha katika nafasi zilizo kati ya mawe hayo. Tope likishuka, maji huwa machafu, mwanga haufiki, ukoga hufunikwa, na mashimo ya kujificha huziba. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walitangaza walichokiona katika ziwa hili: penye tope jingi kutoka nchi kavu, aina za samaki, na za vidudu vidogo vyenye magamba mawili, zilikuwa pungufu sana kuliko penye maji safi. Uvira penyewe pana Kituo cha Utafiti wa Elimu ya Viumbe vya Majini, ambacho mwanzo wake ni wa siku za IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947.

Basi udongo ule ule ulio mali ukikaa mlimani, huwa hasara ukifika ziwani. Na katikati ya safari hiyo wanakaa watu. Mji wa Uvira umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mchanga na mawe yaliyoletwa na mito Mulongwe, Kalimabenge na mingine ya namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mito ilifurika. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mto ulikuwa ukiendelea na kazi yake ya tangu zamani, ila safari hii ulikuta nyumba njiani.

Wako wasemao kwamba kosa ni la mama alimaye mihogo mtelemkoni. Sisi hatukubali neno hili. Vita vimewafukuza wengi mashambani mwao, na asiye na shamba tambarareni atalima wapi? Twakumbuka pia kwamba Wabelgiji waliwalazimisha watu wa Kivu kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Mifereji ilikuwa na faida, lakini shurti ilichukiwa, na baada ya uhuru wa 1960 wengi waliiacha. Yafaa irudi kwa hiari: mfereji ukingame na mtelemko, na ukingoni mwake yapandwe majani ya kulisha mbuzi, ili mwenye shamba aone faida mwaka huo huo. Na kingo za mito ziachiwe miti.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi jambo hili hahitaji vyombo vya fedha nyingi. Achote maji ya Mulongwe katika chupa nyeupe, siku ya pili ya mvua kubwa, aiweke dirishani. Mchanga utatua chini mara moja. Tope laini litafuata baada ya saa chache. Lakini kesho yake maji ya juu yatakuwa yangali na wekundu: huo ni mfinyanzi, ulio mwepesi kuliko yote, nao ndio uchukuliwao mbali ziwani.