Mtoto anakohoa? Tazama na ukuta

Desemba 2020, Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2, alifariki mjini Rochdale, Uingereza. Mwaka 2022 uchunguzi ulibaini kuwa kuvu katika nyumba waliyopanga ndiyo iliyomuua. Baba yake alianza kulalamika 2017. Serikali iliwaonya kwa barua wanaopangisha nyumba za jamii. Tangu Oktoba 2025, sheria yenye jina la mtoto huyo inawataka washughulikie hatari za dharura ndani ya saa 24.

Mzazi, popote ulipo, mtoto akikohoa usiku au akipumua kwa mlio, mweleze daktari hali ya chumba anacholala. Kupaka rangi juu ya kuvu hakusaidii. Paa au bomba linalovuja litengenezwe. Mwandikie mwenye nyumba, utunze nakala.