Kuuchagua Mzizi Bila Kuung'oa Mpunga

Mkulima huliona suke, huujua urefu wa bua na siku za kukomaa. Kwa sifa hizo amechagua mbegu tangu zamani. Mzizi hauoni. Mtafiti akitaka kuupima kwa kawaida hulazimika kuung'oa mche na kuuosha, na nyuzi nyembamba hukatikia ardhini. Tena udongo nao huubadilisha mzizi, hata ikawa vigumu kujua kipi kimerithiwa na kipi ni cha shamba.

Hapo ndipo alama za vinasaba zinapotufaa. Katika DNA ya mpunga mna sehemu fupi ambamo herufi mbili au tatu hujirudiarudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya aina moja na nyingine. Kipande cha jani kinatosha kuisoma. Alama yenyewe hairefushi mzizi. Thamani yake ni kukaa karibu na jeni inayotakiwa, hata zikarithiwa pamoja.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mashariki mwa India. Wakulima wa mpunga wa nchi kavu huko waliipenda Kalinga III kwa kuwahi kukomaa, ila mizizi yake haikwenda chini sana. Katherine Steele wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na wenzake waliichanganya na Azucena, mpunga wa Ufilipino wenye mizizi mirefu na minene. Kisha kizazi baada ya kizazi walichanganya uzao huo na Kalinga III tena, wakibakiza miche ambayo alama zilionyesha ina vipande vya DNA ya Azucena vilivyolengwa. Bila alama, urithi wa Azucena ungepungua kwa nusu kila mara, 50%, 25%, 12.5%, na kinachotakiwa kingeweza kupotea pamoja na kisichotakiwa. Mwaka 2009 jimbo la Jharkhand, huko huko mashariki, likapata aina mpya, Birsa Vikas Dhan 111. Ni mpunga uliochanganywa na mpunga. Hakuna jeni ya kiumbe kingine humo.

Lakini kati ya vipande vya DNA vilivyolengwa kwa ajili ya mizizi, ni kimoja tu, cha kromosomu ya 9, kilichorefusha mizizi waziwazi, penye maji na penye ukame. Jeni iliyofanya kazi ndani ya Azucena yaweza kunyamaza ndani ya Kalinga III, kwa hiyo kupima shambani hakuepukiki. Na mzizi mrefu hufaa pale tu chini penye unyevu. Juu ya mwamba haufiki popote. Ndiyo maana sura ya kwanza ya kitabu hiki inahusu udongo na maji yake, na DNA inafuata katika sura ya pili.